Namba D sio mwaka wa Land Rover

Jumamosi kijana mmoja kanipigia, shikamoo fundi, marahaba, fundi nimepata Difenda kali balaa, namba D, muuzaji anataka hela leo leo, nichukue? Nikamuuliza injini gani. Kimya kidogo, halafu akasema diseli. Diseli ipi? "Fundi mi nakwambia ni namba D, ya juzi juzi hiyo." Hiyo ni simu ya nne ndani ya mwezi mmoja na maneno ni yale yale. Tangu lile tamasha la Land Rover hapa Arusha Oktoba 2024 kila mtu anataka 110 ya kwake, ile Land Rover ndefu, na mimi nafurahi kwa kweli, nimeanza kushika spana kwenye 109, ile ya zamani zaidi, nikiwa bado mdogo na hizi gari nazipenda sana, ndo maana inaniuma mtu akitoa akiba ya miaka kwa kuangalia herufi kwenye kibati cha namba.

Namba ya gari inakwambia imesajiliwa lini kwa namba hiyo, basi. Land Rover imefanya kazi kwenye mradi miaka kumi na kitu ikiwa na namba za DFP, zile za miradi ya wafadhili, au ilikuwa ya serikali na namba yake ya STK, mradi umeisha, ikapigwa mnada, aliyenunua akaisajili upya na ikapewa namba ya siku hiyo. Gari imekula Loliondo yote, imekula Ngorongoro, leo ina namba D na dalali anaiita mpya. Halafu kuna iliyokaa Uingereza miaka ishirini ndo ikaletwa huku, hiyo nayo namba yake ni ya siku iliyotoka bandarini. Kwa hiyo tafadhali, ukinipigia usiniambie namba.

Na kwa macho huwezi kujua. One Ten, ndo hiyo 110, ilitoka 1983, jina la Defender likaja 1990, ya mwisho ya umbo hilo ikatoka kiwandani Solihull tarehe 29 Januari 2016, na katikati ya hapo ukisimama mita kumi ni gari ile ile. Grili inabadilishwa nusu saa, milango inaingiliana, taa zinaingiliana, siti, dashibodi, kila kitu kinafungwa kwa bolti na mafundi wa hapa mjini wanaifungua Land Rover yote wakiwa wanapiga stori. Watu wanasema boneti yenye nundu ndo ya 2007 kwenda mbele, ni kweli ilitoka hivyo kiwandani, ila mimi nimeshaifungua boneti ya nundu nikakuta chini yake gari ya 1996.

Miaka yenye maana ni michache. 1990, 1994, 1998, 2002, 2007. Hiyo ni kwa sababu ya kilichobadilika chini, sio kwa sababu gari ya mwaka wa mbele lazima iwe bora.

Kabla ya 1990 kuna 2.5 diseli ya kawaida, mzee wa taratibu, haina mambo mengi, na kuna ile 2.5 ya turbo ya 1986 mpaka 1990 ambayo ina tabia ya kupasua pistoni, kama bado iko na injini yake ya asili basi weka hela ya injini nyingine pembeni kabla hujalipa ya gari. 1990 ikaja 200Tdi. Hapo ndo Land Rover walipopata diseli ya ukweli, 2495 cc, pampu ya makanika, ukishaipa umeme ule waya mmoja wa pampu inaunguruma na hakuna kompyuta ya kuiomba ruhusa. Giaboksi yake ni LT77, na hafu shafti za mbele za kipindi hicho, vile vyuma vinavyozungusha magurudumu, ni za meno 10. 1994 ikaja 300Tdi na giaboksi ya R380, shafti zikawa za meno 24 ambazo ni ngumu zaidi, na breki za disiki nyuma kwenye 110 nazo zilikuja kipindi hicho hicho.

Sasa hapa kwenye 300Tdi nikae kidogo maana ndo kwenye ugomvi.

Watu wamesoma mtandaoni kwamba 300Tdi iliisha 1998 na baada ya hapo ni Td5, diseli ya kompyuta. Hiyo ni kweli kwa gari za Ulaya. Gari za kuuzwa nje, zikiwemo za Afrika, ziliendelea kutolewa na 300Tdi miaka mingi baada ya hapo, kwa sababu mashirika na majeshi walitaka injini isiyo na kompyuta. Kwa hiyo unaweza kukuta Defender ya 2003 ina 300Tdi yake iliyotoka nayo kiwandani, safi kabisa, na mteja wangu anaikataa anasema fundi hii imebadilishwa injini wananiibia. Anaacha gari nzuri kuliko zote alizoonyeshwa! Na mwenzake naye ananunua ya 1997 iliyobandikwa injini ya Discovery, Land Rover ya aina nyingine, akidhani ni ya asili. Mwaka umewadanganya wote wawili.

Injini ina namba, isome. Kwenye Tdi imegongwa kwenye bloku upande wa kulia, chukua tambara na mafuta ya taa, sugua mpaka uione. Ikianza na 11L hiyo ni 200Tdi ya Defender, ikianza na 12L ni 200Tdi iliyotoka kwenye Discovery. Sio dhambi, injini ni ndugu, ila muuzaji akikwambia ni ya asili umeshajua unaongea na mtu wa namna gani. Na ukiwa hujui kabisa kutofautisha 200 na 300 angalia mikanda ya nje mbele ya injini, 300 ina mkanda mmoja mpana unaozunguka kila kitu, 200 ina vile vyembamba vya V vingi vingi.

Halafu taiming belti, ule mkanda wa ndani unaoendesha vali. Zile 300Tdi za mwanzo mwanzo puli zake hazikukaa kwenye mstari mmoja sawasawa, mkanda unatembea pembeni taratibu, unajila wenyewe kwenye ukingo. Ilitolewa seti ya vipuri vya kurekebisha, gari nyingi zilifungiwa, nyingine hazikufungiwa, na hakuna mwaka wowote kwenye kadi utakaokwambia yako ni ipi. Mimi ninachofanya, chini ya kava ya taiming kuna kitobo cha kuziba na bolti kwa ajili ya kuvuka maji. Nafungua, naingiza kidole. Kikitoka na vumbi jeusi laini kama masizi ya sufuria, mkanda unaliwa. Kikitoka kikavu, nashukuru Mungu, na bado nabadilisha mkanda, kwa sababu muuzaji kusema "nilibadilisha juzi" sio risiti. Kwa vumbi letu hili mimi sipitishi kilomita 60,000, wengine wanaenda mbali zaidi na hawajapata shida, sibishani nao, ila waliopata shida ndo walioletwa kwangu na winchi, vali zimekutana na pistoni.

Kitu kingine cha 300 ni joto. Silinda hedi ni ya alumini, ikichemsha mara moja tu ukaendelea kuendesha imepinda. Fungua kifuniko cha maji asubuhi injini ikiwa ya baridi, washa, angalia mapovu. Ukikuta mtu amekuwashia gari kabla hujafika na injini ni ya moto, mwambie utarudi kesho.

Td5 ya 1998 mpaka 2007. Hii nilikuwa naikataza kwa kila mtu, nilikuwa nasema wazi nunua Tdi au acha. Silinda tano, nguvu farasi 122 wakati 300Tdi ni 111, mnyororo badala ya belti, bloku ngumu sana. Tatizo letu lilikuwa umeme. Oili inapita kwenye waya za nozeli ndani ya kava ya juu, inatambaa ndani ya waya kama maji kwenye utambi mpaka inafika kwenye kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini, iliyoko chini ya siti ya mbele, gari inaanza kukohoa na mafundi wanabadilisha nozeli tano za bei ya kutisha wakati shida ni waya wa ndani. Chomoa plagi nyekundu ya kwenye kontrol boksi. Ukikuta oili, umeshajua pa kuanzia, unasafisha na kubadilisha waya ule wa ndani, maisha yanaendelea. Pampu ya mafuta iko ndani ya tenki na inataka diseli safi, kwa hiyo mtu anayejaza mafuta ya madumu vijijini ajifikirie mara mbili. Lakini nimeziona Td5 mbili za utalii zinapiga safari msimu baada ya msimu zikiwa na mwenyewe anayejali, na nimebadilisha mawazo, siwezi tena kumwambia mtu asinunue Td5 eti kwa sababu ni Td5. Za kuanzia 2002 namba ya injini inaanza na 15P badala ya 10P na kuna vitu walirekebisha ndani, kama zile dawili, yaani pini, za plastiki za hedi. Je, tofauti ile inafaa kuilipia hela nyingi zaidi? Kwa nilizozifungua mimi siwezi kukuapia. Ningeangalia matunzo kwanza.

Na kwenye 2002 hapo hapo 110 ikapoteza ile difu kubwa ya nyuma ya Salisbury yenye kifuniko cha bolti nyingi nyuma, ikawekewa ndogo. Kwa mtu wa kubeba mzigo mimi naitaka ile Salisbury, yaani hapa gari ya zamani imemshinda mdogo wake na hakuna mtu anayelisema kwenye matangazo.

Za 2007 kwenda mbele tunaziita Puma, injini ya 2.4 ya Ford halafu 2.2, giaboksi ya gia sita. Nzuri kuendesha barabara ndefu. Sikiliza kiungo cha giaboksi na transfa, lile boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma, meno ya shafti ile yanaliwa kwa kukosa oili, ukiachia mafuta na kukanyaga tena inagonga "kla". Bei yake na vipuri vyake ni mazungumzo mengine.

Mwaka wenyewe kama unautaka sana, lala chini. Namba ya chesisi imegongwa kwenye fremu mbele upande wa kulia, karibu na springi. Brashi ya waya, mafuta ya taa, tochi. Baada ya herufi na namba za mwanzo utakuta herufi ya mwaka ikifuatwa na A: LA ni 1994, MA 1995, TA 1996, VA 1997, WA 1998. Na huo ni mwaka wa modeli, gari inaweza kuwa imetengenezwa mwishoni mwa mwaka wa nyuma yake, kwa hiyo usigombane na mtu kwa tofauti ya mwaka mmoja. Kama sehemu hiyo imesagwa kwa grinda au imechomelewa bati juu, inuka, jipanguse, nenda nyumbani.

Ukiwa umelala hapo chini angalia na kutu, tafadhali. Kila wiki naambiwa Land Rover haishiki kutu kwa sababu ni alumini. Bodi ndo alumini. Chesisi ni chuma, na ule ukuta unaoshika kioo na dashibodi ni chuma, na pale alumini inapogusana na chuma ndo panaliwa haraka zaidi. Iliyotoka Uingereza imekula chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa baridi, ya Tanga au Dar imekula hewa ya bahari, ya huku kwetu inakuwa kavu lakini imepigwa na makorongo mpaka fremu ina nyufa, na zile za utalii zilizokatwa katikati kurefushwa ndo kabisa, kuna kuchomelea kuzuri na kuna kuchomelea kwa kupaka rangi juu. Gonga fremu yote kwa nyundo ndogo. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinajibu kama kuni mbichi. Ila pale palipojazwa bati la ndani na kupakwa lami nakiri nimeshadanganyika, nilimpitishia mtu gari na baada ya miezi sita fremu ikafunguka nyuma, nikamrekebishia bila hela ya ufundi.

Yule kijana alikuja Jumatatu na picha nilizomwagiza. Chesisi inasoma TA. Injini 12L. Muuzaji alimwambia ni ya 2005. Kwa hiyo tuna gari ya 1996 yenye 200Tdi ya Discovery, na kwenye picha fremu yake ni kavu na difu ya nyuma ni Salisbury, mimi gari hiyo naipenda. Nimemwambia ailipie bei ya 1996, aombe iwashwe ya baridi mbele yake, na akikubaliwa ailete hapa tubadilishe taiming belti kabla haijaenda popote. Ameondoka na tochi yangu.