Je, wajua kwa nini msomi huacha ofisi akashika tezo?

Tanga, mwenye shahada akionekana ufukweni anachonga mbao za mashua kwa tezo, kile kishoka cha kuchongea, watu husema masomo yamepotea bure, kakosa ajira huyo. Wapo kweli walioikosa. Lakini wapo walioipata wakaiacha, na mimi hao ndio wanaonivuta.

Matthew Crawford wa Marekani ni mmoja wao. Ana shahada ya uzamivu ya falsafa ya siasa kutoka Chuo Kikuu cha Chicago. Mwaka 2001 alipewa uongozi wa taasisi moja ya utafiti mjini Washington. Alikaa miezi 5 tu, akaenda kufungua gereji ya pikipiki mjini Richmond. Ofisini, anasema, alitakiwa kutetea hoja ambazo majibu yake yalishapangwa. Gereji haina hayo: pikipiki inawaka au haiwaki.

Mafundi wa mashua na madau wa pwani yetu wanalijua jambo hilo zamani. Chukua mataruma, zile mbavu zinazoshika mbao za ubavuni. Taruma halipindwi kwa nguvu. Fundi hutafuta mti uliojiotea na pindo analolitaka. Anasimama mbele ya tawi akiwa tayari anaiona mashua nzima, na mara nyingi hana hata karatasi yenye mchoro. Kisha inakuja kalafati: pamba iliyotiwa mafuta inashindiliwa kwa patasi kwenye nafasi kati ya ubao na ubao. Ikilegea, maji yanaingia. Ikizidi, inazisukuma mbao ziachane, maana ubao ukilowa huvimba, na fundi lazima auachie nafasi ya kuvimba. Hesabu hiyo ni ngumu kweli, na bahari huisahihisha siku ileile chombo kinaposhushwa.

Msomi aliyezoea kuandika ripoti asizojua zinaishia wapi, jibu la haraka namna hiyo humshika. Tena mvuvi aliyeuziwa chombo atapita hapo kesho, na keshokutwa.

Mwalimu Nyerere, aliyesoma Chuo Kikuu cha Edinburgh, alipong'atuka urais mwaka 1985 alirudi Butiama kulima. Sijasikia aliyesema elimu yake ilipotea.

Kipato cha ufundi hupanda na kushuka, hilo lisifichwe. Na shahada haimrushi mtu ngazi: ataanza kwa kushikilia ubao na kunoa tezo ya fundi ambaye huenda aliishia darasa la saba.