Kabla ya kulaumu mawese, pima TSH

Hapa Kigoma kolesteroli ikipanda, wa kwanza kulaumiwa ni mawese. Hayaonewi: karibu nusu yake ni mafuta mazito, yaleyale yanayopandisha LDL, yaani kolesteroli mbaya. Ila kabla ya kuanza vidonge vya kushusha kolesteroli, omba upimwe tezi ya shingo (thairoidi) kwa kipimo cha damu cha TSH, homoni ya ubongo inayoiamrisha tezi ifanye kazi na ambayo hupanda tezi ikilegea, hasa mama aliyevuka miaka 50.

Kazi ya kuondoa LDL hufanyika kwenye ini. Seli zake zina vipokezi vinavyonasa LDL na kuitoa kwenye damu, na homoni ya tezi ndiyo inayochochea vipokezi hivyo vitengenezwe. Homoni ikipungua, vipokezi navyo hupungua, LDL inabaki ikizunguka. Ndiyo maana mtu anaweza kuacha mawese miezi mitatu, dagaa anakula wa kuchemsha, na majibu yasishuke alivyotarajia.

Maabara nyingi huhesabu TSH ya 0.4 hadi 4.0 mIU/L kuwa ya kawaida. Ikizidi hapo huku T4 huru (homoni ya tezi yenyewe) iko sawa, tezi imelegea kidogo. Msikimbilie dawa kwa kipimo kimoja! Mtu anayepata nafuu baada ya kuugua sana, TSH yake hupanda kwa muda. Rudia baada ya miezi 2 au 3.

Ikithibitika imepita 10, kwa kawaida tunaanza levothairoksini, kidonge cha homoni ya tezi. Kati ya 4 na 10 napima umri, dalili na moyo, na simwahidi mgonjwa makubwa: LDL hushuka kama 0.2 hadi 0.3 mmol/L tu. Mwenye LDL ya 4.8 bado ana safari.

Kidonge kimezwe asubuhi kwa maji matupu, tumbo halina kitu, kisha usubiri dakika 30 hadi 60 ndipo unywe chai. Vidonge vya madini ya chuma au kalsiamu vikae mbali kwa saa 4. Vikimezwa pamoja, dawa hainyonywi vizuri, TSH haishuki, na dozi inaongezwa bure. Pima tena baada ya wiki 6 hadi 8.

Kuzidisha chumvi yenye madini joto hakusaidii. Pale kinga ya mwili inapoishambulia tezi, madini joto ya ziada yanaweza kuilegeza zaidi.

Na anayetumia statini (vidonge vya kushusha kolesteroli) akalalamika misuli kuuma, mpimeni TSH siku hiyohiyo: tezi iliyolegea bila kutibiwa huongeza hatari ya maumivu hayo.