Maswali na majibu: feni ya kurudisha joto, unyevu wa ndani na afya ya kifua

Maswali haya ndo huwa naulizwa sana na watu wenye nyumba zenye jasho ukutani na ukungu mweusi kwenye kona. Nimeyajibu kwa urefu tofauti, mengine yana mambo mengi, mengine jibu lake ni dogo tu.

Unyevu unatoka wapi wakati bati halivuji?

Unatoka kwetu wenyewe. Familia ya watu wanne kwa siku moja inaweza kumwaga hewani kama lita 10 za maji, kwa kupumua, kutoka jasho, kupika, kuoga na kuanika nguo ndani, ila huyaoni kwasababu yapo kama mvuke, yanazunguka tu na hewa mpaka yakutane na kitu cha baridi, kioo cha dirisha au kona ya ukuta wa nje au nyuma ya kabati pale hewa haipiti, hapo ndo yanageuka kuwa matone. Chukulia chumba kina nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 60, yaani hewa imebeba asilimia 60 ya maji yote inayoweza kubeba kwenye joto hilo, ukuta ukishuka tu hadi nyuzi 12 unaanza kutoka jasho. Na ukungu wala hausubiri matone, unyevu pale juu ya ukuta ukifika asilimia 80 na kukaa hivyo siku kadhaa tayari unaota. Ndo maana mtu anasogeza kitanda anakuta nyuma kumekuwa kweusi na hajawahi kuona maji hata siku moja.

Lakini si uchafu tu wa ukuta? Afya inaingiaje hapo?

Sio uchafu tu, na hapa naomba tuelewane vizuri. Ukungu unarusha vijimbegu vidogo sana hewani, tunavivuta, na kwa mwenye pumu au aleji vinaamsha kikohozi, kubanwa kifua, mafua yasiyoisha, macho kuwasha. Alafu kuna utitiri wa vumbi, vile vidudu vya kwenye godoro na mazulia ambavyo huvioni kwa macho, hivyo havinywi maji bali vinafyonza unyevu kutoka hewani, kwahiyo nyumba yenye unyevu mwingi ni raha kwao, na kinyesi chao ni moja ya vitu vinavyoongoza kuamsha pumu. Unyevu ukikaa chini ya asilimia 50 kwa wiki kadhaa vinakauka na kufa. Shirika la Afya Duniani mwaka 2009 lilitoa mwongozo mzima kuhusu unyevu na ukungu wa majumbani, na ujumbe wake ni kwamba wanaokaa kwenye nyumba hizo wana hatari kubwa zaidi ya dalili za njia ya hewa, maambukizi ya kifua na pumu kuzidi.

Kule Rochdale, Uingereza, mtoto wa miaka 2 aitwae Awaab Ishak alifariki Desemba 2020, na Novemba 2022 mchunguzi wa vifo akatamka kwamba kilichomuua ni ugonjwa wa njia ya hewa uliotokana na kuishi muda mrefu kwenye ukungu wa nyumba yao. Kifo hicho kikazaa sheria yenye jina lake ya kuwabana wenye nyumba za kupangisha washughulikie ukungu kwa haraka. Sisemi hivi kumtisha mtu, ni kwamba mtoto mdogo anashinda ndani na kulala ndani, na mapafu yake bado yanajengeka. Ukiona mtoto anapumua harakaharaka, mbavu zinaingia ndani kila akivuta hewa, au midomo inakuwa ya bluu, hapo usihangaike na ukuta, mkimbize hospitali saa hiyohiyo.

Sasa hiyo feni ya kurudisha joto ni nini hasa?

Ni feni inayotoa hewa nzito yenye mvuke na kuingiza hewa safi, ila kabla haijatupa ile hewa ya ndani inachukua joto lake na kulipa hewa inayoingia. Zipo za aina mbili ambazo watu wengi wanafunga kwenye chumba kimoja. Ya kwanza ina tofali la kauri lenye vitundu kama sega la nyuki, inapuliza nje kwa kama dakika moja hivi, kauri inapata moto, alafu mota inageuka inavuta hewa ya nje ipite kwenye kauri hiyohiyo ipashwe, na hivyohivyo mchana na usiku. Ya pili inapitisha hewa mbili kwa wakati mmoja, moja inatoka moja inaingia, zimetenganishwa na karatasi nyembamba za plastiki au za chuma, hazichanganyiki ila joto linavuka. Watengenezaji wanataja asilimia 70 mpaka 90 ya joto kurudishwa, ukishafunga nyumbani mara nyingi inakuwa pungufu ya hapo. Tuseme inarudisha 75, nje ni nyuzi 0 na ndani 20, basi hewa inaingia ikiwa na nyuzi 15, hukai unatetemeka kama ambavyo ungefungua dirisha.

Hewa ya nje wakati wa baridi ina mvua na ukungu wa angani, itakaushaje nyumba?

Swali zuri sana hili, maana linawachanganya wengi. Hewa ya baridi haiwezi kubeba maji mengi. Kwenye nyuzi 5, hata kama ni mvua na unyevu ni asilimia 90, kila mita moja ya ujazo ina gramu 6 tu za maji. Ukiiingiza ndani ikapata joto la nyuzi 20, ambapo hewa inaweza kubeba gramu 17, ule unyevu unakuwa kama asilimia 35. Yaani hewa uliyoiona imelowa nje, ndani ni kavu na inafyonza mvuke wako.

Na nikikaa sehemu ya joto, hewa ya nje imejaa unyevu mwaka mzima?

Hapo naomba usinunue kabla hujasoma hapa. Feni hii inafanya kazi pale ambapo hewa ya nje ina maji machache kuliko ya ndani, maji yenyewe ya gramu sio ile asilimia. Nje kukiwa na nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80, kila mita ya ujazo imebeba karibu gramu 24 za maji, na ndani ukiwa na nyuzi 25 na asilimia 60 una kama gramu 14. Ukiwasha feni unaingiza maji ndani ya nyumba yako kwa hela yako na umeme wako. Kwa mazingira hayo kinachosaidia ni mashine ya kukausha hewa au eisi iliyo na saizi sahihi, pamoja na feni ya kawaida ya kutoa mvuke bafuni na jikoni wakati mtu anaoga au anapika. Na kama ni sehemu ya joto ila kavu, madirisha mawili yanayotazamana ukiyafungua yanatosha kabisa, joto la kurudisha la nini?

Nimefunga miezi miwili sasa ukungu uko palepale, nimetapeliwa?

Inawezekana hujatapeliwa, ila feni imepewa kazi isiyo yake. Feni inatoa mvuke wa hewani. Bomba linalovuja ndani ya ukuta haiwezi kuliziba, maji yanayopanda kutoka ardhini haiwezi kuyazuia, mfereji wa paa uliopasuka nao haiwezi kuuziba. Mimi mwenyewe nilipaka rangi ukuta wa chumba cha kulala mara tatu nikiamini ni jasho tu la hewa, kumbe bomba nyuma ya plasta lilikuwa linatiririka kidogokidogo, na muda wote huo watu walikuwa wanalala mle ndani, jambo ambalo linaniuma mpaka leo. Kwahiyo jaribu hivi kwanza: kata kipande cha foili, kibandike ukutani, kila upande uzibe na tepu, kiache siku moja au mbili. Matone yakiwa upande wa chumbani ni mvuke wa hewa, feni inaweza kusaidia. Yakiwa nyuma ya foili, upande wa ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta, mtafute fundi wa mabomba au wa ujenzi kabla hujagusa feni.

Kama jaribio linaonyesha ni mvuke na bado hakuna nafuu, angalia je kuna mtu anaizima usiku kwasababu ya kelele au kuogopa bili? Hii ni feni ya kuacha ikiwaka muda wote, kwa spidi ndogo nyingi zinakula wati chache tu, pungufu ya taa ya kawaida ya LED. Filta je, mara ya mwisho imesafishwa lini, maana ikijaa vumbi feni inanguruma tu hewa haiendi, kila baada ya miezi mitatu hivi ifungue uitazame. Mlango wa chumba nao ukibana mpaka sakafuni hewa haizunguki, acha upenyo wa kama sentimita moja chini. Na kabati lililogandamizwa kwenye ukuta wa nje livute mbele kidogo.

Ukungu uliopo utakufa wenyewe?

Hapana, feni inazuia mpya kuota, wa zamani unausafisha kwa mkono. Kama eneo ni dogo, chini ya mita moja ya mraba, vaa glavu na barakoa ya N95, fungua dirisha, futa kwa kitambaa kilicholoana na sabuni, usikwangue ukiwa mkavu maana unarusha vijimbegu chumba kizima. Mwenye pumu asifanye kazi hii na watoto watoke nje. Ukitumia dawa yenye klorini usichanganye na siki wala na kitu chenye amonia, inatoka gesi inayounguza mapafu. Eneo likiwa kubwa zaidi ya hapo waite wanaojua.

Natumia hita ya gesi ndani, feni itaondoa moshi?

Usiitegemee kwa hilo hata kidogo. Gesi, mkaa na mafuta ya taa vinatoa kaboni monoksaidi, haina harufu, haina rangi, na inaua mtu akiwa usingizini. Moto usio na bomba la kutolea moshi nje haufai kwenye chumba kilichofungwa, uwe na feni au usiwe nayo. Alafu gesi yenyewe inaleta unyevu, kilo moja ikiungua inatoa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji hewani, kwahiyo unakausha huku unamwagia.

Nitajuaje kama inafanya kazi?

Nunua haigromita, kale kamashine kadogo ka kupima unyevu, weka chumba cha kulala mbali na dirisha. Lenga asilimia 40 mpaka 60. Kioo kinaweza kuanza kuamka kikavu ndani ya siku chache, ukuta uliolowa miaka unaweza kuchukua miezi.

Mtoto wangu ana pumu, tukishafunga aache dawa?

Asiache. Feni inapunguza vitu vinavyoamsha pumu, pumu yenyewe haiiondoi. Endelea na dawa kama daktari alivyopanga, ila andika kwenye daftari mtoto amekohoa usiku mara ngapi kwa wiki na haigromita ilikuwa inasoma ngapi, ukienda kliniki mpelekee daktari hilo daftari, yeye ndo ataamua kama dozi ipunguzwe.