Jua haliko Arusha: kipeo ndicho kinachobeba umbali

Kuna siku nilipeleka zoezi la kidato cha pili kwenye steshenari moja hapa Moshi, nimeliandika kwa mkono, walichape na kutoa kopi arobaini. Niliandika kwamba Jua liko mbali nasi kilomita 1.5 × 10⁸. Ile nane ndogo ya juu, yaani kipeo, kinachosema ni kumi ngapi zizidishwe pamoja, ikashushwa chini, ikatoka 1.5 × 108. Sikukagua. Darasani kijana mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, mimi nimepata kilomita 162. Hiyo si kwenda Arusha na kurudi?"

Darasa likaangua kicheko, lakini hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa. Moshi hadi Arusha ni kama kilomita 80.

Umbali wenyewe ni kilomita 149,600,000 hivi. Kuuandika kwa kipeo, weka nukta baada ya tarakimu ya kwanza, kisha hesabu tarakimu zilizobaki nyuma yake. Ni nane. Basi 1.496 × 10⁸. Namba ya mbele haishuki chini ya 1 wala haifiki 10, na huo ndio utaratibu wote.

Wanafunzi hudhani haya ni mambo ya kigeni. Mbona sokoni tunayasema kila siku? Ukisema pikipiki imeuzwa milioni mbili na nusu, umeshasema 2.5 × 10⁶. Laki ni 10⁵, kwa hiyo Mwezi, ulioko kilomita 384,400, uko laki tatu na themanini na nne elfu na ushee: 3.844 × 10⁵. Shida ni kwamba majina yanatuishia. Baada ya trilioni, yaani 10¹², ni nani kijiweni ana jina la kinachofuata? Kipeo hakihitaji jina.

Kosa ninalolisahihisha kuliko yote ni la kutazama namba ya mbele. Mtu anaona 3.844 ya Mwezi na 1.496 ya Jua, anaandika kwamba Mwezi uko mbali zaidi. Soma kipeo kwanza! Kati ya 5 na 8 pana tofauti ya 3 tu, lakini kila hatua moja ni mara kumi. Kosta inayokwenda kilomita 80 kwa saa, isiyosimama Boma Ng'ombe wala Usa River (haijazaliwa bado), ingefika mwezini kwa siku 200. Jua lingeichukua miaka 213.

Kuzidisha ndiko ninakokupenda, maana vipeo unavijumlisha tu. Mwanga unakwenda karibu kilomita 3 × 10⁵ kwa sekunde. Mwaka una sekunde 3.156 × 10⁷. Tatu mara 3.156 ni 9.468, tano na saba ni kumi na mbili. Umepata 9.468 × 10¹², na huo ndio mwaka wa nuru kwa kilomita. Vitabuni utakuta 9.46, kwa kuwa kasi kamili ya mwanga, 299,792, imepungua kidogo kwenye laki tatu.

Usiku wa Desemba ukitazama juu ya mlima, upande wa kaskazini, utaona Kilimia, kile kishada cha nyota ambacho wakulima na mabaharia wa pwani walikitumia kujua majira. Kiko takriban miaka ya nuru 440. Zidisha: 4.2 × 10¹⁵. Sasa jaribu kuiandika na sifuri zake zote ubaoni bila kurudia kuzihesabu.

Kwenye simu, ambako nane haipandi juu kirahisi, huwa naandika 10^8. Wanafunzi wanaiita alama hiyo kofia. Nilipomweleza dada wa steshenari, naye akaidaka, na siku hizi kabla hajaanza kuchapa ananiuliza: "Mwalimu, za leo zina kofia?"