Mtindo huru: tunayoambiwa jukwaani na yaliyo majini

Jumamosi za gala, yaani mashindano ya kuogelea, mimi hukaa ukingoni mwa bwawa na saa mkononi, nikiwapimia muda watoto wa wenzangu na wangu mmoja. Nyuma yangu, jukwaani, wazazi huongea. Mengi wanayosema ni ya upendo, lakini mengine yamewatoa majini watoto waliokuwa ndio kwanza wanaanza.

La kwanza ndilo linaloniuma zaidi: "Mtu mweusi ana mifupa mizito, hakuumbiwa kuogelea." Watoto hulisikia kabla hata hawajalowa. Kuelea hutegemea hewa iliyo mapafuni na mafuta ya mwili, na hayo hutofautiana mtu na mtu, hata ndugu wa tumbo moja. Cullen Jones, Mmarekani mweusi, alinusurika kufa maji akiwa na miaka 5. Katika Olimpiki ya Beijing 2008 alivishwa dhahabu katika mbio za kupokezana za 4x100 mtindo huru. Miaka minane baadaye, Rio, Mmarekani mweusi mwenzake, Simone Manuel, akashinda mita 100 mtindo huru. Kinachotupungukia Nairobi ni mabwawa. La mita 50 lililoko Kasarani lilijengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987, na mtoto wa Mukuru au Dandora hulifikia kwa matatu mbili, akibahatika kupata nauli na kiingilio.

Kuna wanaodhani mtindo huru ni jina la ule mtindo wa kurusha mikono kwa zamu. Sheria haisemi hivyo. Mwogeleaji anaruhusiwa mtindo wowote, na wote huchagua huo kwa sababu hakuna unaoushinda kwa kasi. Uhuru wenyewe una mipaka: baada ya kuruka na baada ya kila kugeuka, kichwa lazima kiwe kimetokeza juu ya maji kabla ya mita 15 kuisha.

"Sisi tuko juu, mapafu yetu yatawamaliza." Kweli, Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Lakini mbio za mita 50 huisha kwa sekunde ishirini na kitu, na walio bora huvuta pumzi mara moja, mbili, au wasivute kabisa. Hapo kinachoamua ni namna ulivyoruka na namna kiganja kinavyoshika maji. Tena hewa nyepesi humchosha mtoto upesi mazoezini. Kocha asipomwongezea mapumziko, anamfundisha kuogelea polepole.

Kuhusu umri, nawaomba wazazi wasiwe na haraka. "Amefika 18 hana medali, arudi vitabuni." Mmarekani Anthony Ervin alishinda mita 50 mtindo huru Olimpiki ya Sydney 2000 akiwa na miaka 19, akaacha mchezo, akarudi, na Rio 2016 akashinda mbio zilezile akiwa na 35. Mwenzake Dara Torres alikuwa na 41 alipochukua medali ya fedha ya mita 50 Beijing, akikosa dhahabu kwa 0.01 ya sekunde. Na vitabu havigombani na bwawa. Ndugu wawili waliozaliwa Nairobi, Jason na David Dunford, walisomea vyuo vikuu vya Marekani huku wakiogelea, Jason Stanford na David Arizona. David alituwakilisha Olimpiki katika mtindo huru. Jason, mtu wa mtindo wa kipepeo, alimaliza wa tano fainali ya mita 100 Beijing. Fedha za zawadi ni za wachache sana, sitamdanganya mtu. Wengi wa waliopata riziki kwenye maji niwajuao ni makocha na waokoaji.

Mwaka jana mama mmoja alinijia Kasarani machozi yakimlengalenga. Binti yake, aliyezoea bwawa la shule la mita 25, alikuwa ameogelea mita 100 kwa sekunde tatu zaidi ya kawaida yake. "Kocha ameniharibia mtoto," akasema.

Nikamwomba tukae tutazame mbio zilizofuata. Angalia ukutani, nikamwambia. Mtoto anajipindua kichwa chini, nyayo zinagusa ukuta, mikono inabanana juu ya kichwa, anasukuma, anateleza kama samaki. Ule msukumo ni wa kasi kuliko mkono wowote. Bwawa la mita 25 humpa mara tatu katika mita 100; hili la 50 humpa mara moja tu. Ukifika mita 35 unatafuta ukuta, huuoni, na mabega yanawaka. Ndiyo maana hata rekodi za dunia huwekwa mbalimbali, za bwawa refu kando na za bwawa fupi kando.

Akanyamaza kidogo. Kisha akatoa daftari kwenye mkoba, akachora mstari katikati ya ukurasa, juu kushoto akaandika 25, kulia 50, na chini ya 50 akauandika muda ule wa asubuhi, peke yake.