Tazama penye mkato, usitazame rangi

Juzi mama mmoja wa Upanga aliniletea bangili ya marehemu bibi yake, kaifunga ndani ya kanga. Kabla hajakaa akaninong'oneza, "Fundi, hii ni pembe ya ndovu kweli? Nisije nikafungwa." Hofu yake naielewa. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inayahesabu meno ya tembo kuwa nyara za serikali, na kukutwa nayo bila kibali ni kosa.

Kazi yangu ni kukarabati vitu vya kale, na watu wengi wanaonijia huwa wameshaamua kwa rangi. Rangi inadanganya. Mfupa wa ng'ombe ukilowekwa kwenye chai unapata umanjano uleule wa pembe iliyozeeka.

Mimi hutafuta mahali kitu kilipokatwa, nikaweka lenzi ya sonara. Pembe ya ndovu, licha ya jina tulilolizoea, ni jino. Ndani yake mna vijineli vidogo mno, na mpangilio wake ndio unaofanya jino likikatwa kwa kukingama lionyeshe mistari inayopishana kama ukili wa mkeka. Inaitwa mistari ya Schreger. Karibu na ganda la nje, ikipishana kwa zaidi ya nyuzi 115, huyo ni tembo. Chini ya nyuzi 90 ni mamothi, mnyama aliyetoweka zamani.

Mfupa hauna ukili huo. Una vitundu vya mishipa ya damu: ukikatwa kwa kukingama unaona vidoti, kwa urefu unaona vistari vifupi, mara nyingi vimeshika uchafu. Kokwa la mkoma nalo hung'aa kama pembe, ila ni dogo, hivyo linatosha vifungo na shanga tu.

Taa ya kukagulia noti bandia, ile ya madukani Kariakoo, inasaidia kidogo. Pembe hung'aa buluu nyeupe, na plastiki nyingi hufifia. Lakini mfupa nao hung'aa, kwa hiyo usiitegemee peke yake.

Bangili ya yule mama ilikuwa na mistari ukingoni, na ndiyo iliyomtia hofu. Tatizo ni kwamba ilikuwa imenyooka, sambamba, kama kurasa za daftari lililofungwa. Maumbile hayapigi rula hivyo. Nikaisugua kwa kidole gumba mpaka ikapata joto, nikanusa: karafuumaiti. Ni seluloidi, plastiki ya zamani: pamba iliyotiwa asidi ya nitriki ikachanganywa na karafuumaiti hiyo. Mmarekani John Wesley Hyatt aliifanyia kazi mwishoni mwa miaka ya 1860, akitafuta kitu cha kutengenezea mipira ya biliadi badala ya pembe.

Ndiyo maana nawasihi msijaribu kukipima kitu kwa kukichoma na sindano ya moto. Pembe halisi itabaki na kovu, na seluloidi, ambayo ni ndugu wa baruti, inaweza kulipuka moto mkononi mwako.

Mama akashusha pumzi, kisha akauliza kwa nini kikuku cha shaba anachokiweka sanduku moja na bangili hiyo huota ukijani kila akikisafisha. Seluloidi ikizeeka hutoa mvuke wenye asidi, na joto letu la Dar na unyevu wake huiharakisha. Nikamwambia aitenge, aiweke penye hewa, mbali na jiko. Kikuku ameniachia nikisafishe.