“Fundi, hii ni mpya ya boksi, mbona inaganda?”

Vyuo vikifunguliwa tu, mezani kwangu hapa Mwanza zinaanza kumiminika laptopu mpya za bei nafuu, zote za aina moja: nyembamba, nyepesi, nailoni ya kioo bado haijabanduliwa. Mwenye nayo ni mwanachuo wa Malimbe au wa Bugando, na mara nyingi mzazi aliyevuka na kivuko cha Kamanga yuko naye, risiti mkononi. Wanaomba niwatolee virusi. Nafungua, naangalia, hamna kirusi hata kimoja. Laptopu ni nzima. Inafanya kazi kwa uwezo wake wote, na huo ndio uwezo wake.

“Mpya haiwezi kushindwa na mtumba”

Hii ndiyo dhana inayonichosha kuliko zote, maana inakula hela ya mpunga au bumu (mkopo wa chuo) zima la mtoto, na mtu akishafika kwangu hakuna cha kurudisha.

Upya wa laptopu uko kwenye kava, betri na waranti. Kasi inatoka kwa prosesa (ubongo wa mashine), RAM (kumbukumbu ya kazi ulizofungua) na diski (ghala la mafaili), na hivyo vitatu ndivyo kiwanda kinavyopunguza kikitaka bei iteremke. Chukua prosesa ya Intel iitwayo Celeron N4020, ambayo utaikuta kwenye laptopu nyingi za bei nafuu. Ina kori (vichwa vya kufanya kazi) 2 na ilitoka mwishoni mwa 2019, tena kwa lengo la kula umeme kidogo. Sasa weka pembeni yake HP EliteBook 840 G5 au ThinkPad T480, mashine za 2018 zilizotoka kwenye maofisi ya Ulaya zikaingia kwenye maduka yetu ya mitumba. Ndani mara nyingi kuna prosesa ya Intel Core i5-8250U au 8350U: kori 4, zinazobeba kazi 8 kwa mpigo. Boksi halibadilishi hesabu hiyo.

Prosesa tungeweza kuivumilia. Balaa liko kwenye RAM ya GB 4 na diski ya eMMC (hifadhi ya bei rahisi, ya polepole) ya GB 64. Windows 11 inataka angalau GB 4 na GB 64, na wauzaji wanakusomea hizo namba kama sifa. Kima cha chini maana yake itawaka. Kufungua Zoom, Word na kurasa kumi za intaneti kwa pamoja ni habari nyingine.

Hivi karibuni nilifungua mojawapo mbele ya mzee mmoja na binti yake. Diski C ilikuwa na mstari mwekundu. Zile GB 64 Windows inazihesabu kama 58 hivi, yenyewe imeshika karibu nusu, picha na video za WhatsApp zimejaza zilizobaki, nafasi imebaki GB 3. Sasisho linataka kuingia, linakosa pa kukaa, linashindwa, kesho linaanza upya. Binti alikuwa ananunua bando kila siku bila kujua linakwenda wapi. Linakwenda humo.

“Sasa fundi, si uiongezee tu RAM?” mzee akauliza.

Nikafungua kava la chini nikamwonyesha. RAM ni vipande vyeusi vilivyochomelewa kwenye bodi, na diski vilevile. “Hapa hakuna pa kuchomeka kitu, mzee wangu.” Kisha nikachukua T480 ya mteja mwingine nikaifungua pembeni yake: nafasi mbili za RAM, SSD (diski ya kasi isiyozunguka) unayoichomoa kwa bisibisi, betri moja ndani na nyingine ya kubandua kwa nje. Mzee alikaa kimya akizitazama zote mbili, halafu akamuuliza binti bei ya ile mpya, ingawa mzee mwenyewe ndiye aliyeilipa.

Nisieleweke vibaya, mpya za bei nafuu zina watu wake. Betri inadumu, mkoba hauumizi bega, na nyingi hazina feni ya kuvuta wadudu ndani, jambo ambalo si dogo kwa mtu anayefanya kazi usiku kando ya ziwa, taa ikiita wadudu. Kama unaandika barua na kuweka hesabu za dagaa pale Mwaloni, itakutosha. Ila ikiwa mpya, iwe na RAM ya GB 8 na SSD ya kweli. Zaidi ya hapo, ushauri wangu ni uleule ninaomwambia kila mtu hadi vijana wangu wa dukani wananicheka: nunua mashine yenye nafasi mbili za RAM. Mwaka huu utamudu GB 8, mwakani utaongeza.

“Basi mtumba wowote wa ofisi ni dili”

Hapana. Wapo wanaokimbia Celeron wakaangukia mashine ya 2013 kwa sababu imeandikwa i7. Core i7-4600U ya mwaka huo ina kori 2, na ile i5-8250U ya 2017 inaipita. Soma namba baada ya kistari: i5-8350U ni kizazi cha 8, i5-10210U cha 10, i5-1135G7 cha 11. Na usisome kwenye kibandiko. Nimeona vibandiko vya i7 kwenye mashine za i3, na kibandiko hakiendeshi kompyuta. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda sehemu ya prosesa (Performance, kisha CPU), jina kamili liko pale.

Mimi nasema usishuke chini ya kizazi cha 8. Kwa nini? Microsoft ilifunga msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa prosesa za Intel inaanzia hapo, isipokuwa chache sana za kizazi cha 7. Muuzaji atakwambia ameshakuwekea Windows 11 kwenye ya kizazi cha 6. Ni kweli inaingia kwa njia ya panya, lakini Microsoft haikuhakikishii masasisho.

“Hii ina TB 1, ile ina 256 tu”

TB 1 ya diski ya kuzunguka itakufanya unywe chai Windows ikiwaka. Chukua SSD ya 256, picha weka kwenye diski ya nje.

“Mtumba betri yake imekufa”

Mingine ndiyo, mingine siyo, na kujua ni dakika moja. Fungua kisanduku cha amri (Command Prompt), andika powercfg /batteryreport, ripoti itajitengeneza. Linganisha uwezo wa kiwandani na uwezo wa sasa. Ikiwa ilitoka na mWh 50,000 (kipimo cha ujazo wa betri) na sasa inashika 22,000, dai punguzo la bei ya betri au iache. Usikubali neno la “inakaa masaa”. Masaa mangapi?

“Ya Marekani itaungua na umeme wetu”

Geuza chaja usome: ikiwa imeandikwa 100-240V, chomeka bila wasiwasi. Woga huu peleka kwenye kompyuta za mezani, ambazo baadhi zina swichi nyekundu nyuma ya pawa saplai. Swichi ikiwa kwenye 115 na wewe ukachomeka 230 yetu, utasikia mlio na utanusa moshi.

“Nenosiri la BIOS fundi atalitoa tu”

Wapo wanaotoa, na kwenye mashine nyingi za ofisi kazi hiyo inamaanisha kufungua bodi na kuandika upya chipu. Iwashe mwenyewe dukani, ingia BIOS, ile programu ya mashine inayotangulia Windows (F10 kwa HP, F1 kwa ThinkPad, F2 kwa Dell), kisha toka uone Windows inafika mwisho bila kudai akaunti ya kampuni usiyoijua. Ikidai neno ambalo muuzaji hana, mrudishie hapohapo, hata akikupunguzia laki.